Mtoto wangu alilia: barua ya wazi kwa wanaosimamia afya ya Uganda

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Katibu Mkuu wa Wizara, wabunge wa Kamati ya Afya, na wakurugenzi wa hospitali zetu za rufaa.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu. Mimi ni muuza mukene katika soko la Busia, upande wetu wa mpaka. Ng'ambo wanaiita omena, kwingine dagaa. Samaki ni yule yule. Magunia yangu hutoka Majanji alfajiri, na kabla jua halijapanda nimeshayaandika yote kwenye daftari: yameingia mangapi, yametoka mangapi, nani kalipa, nani kaahidi. Nimeuza miaka kumi na minne bila karani kwa sababu ya lile daftari. Nalitaja mapema kwa kuwa ninachowaletea leo ni shauri la daftari. Kuna mstari mmoja umeandikwa vibaya katika kitabu cha wodi moja ya hospitali, na mstari huo ni mwanangu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayouzia na kugombana nayo mchana kutwa, na kwa sababu Katiba, tangu marekebisho ya 2005, inaitambua kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hii. Ikiwa itabidi barua itafutiwe mfasiri kwanza, mtafuteni. Sisi wa sokoni tumezoea kuwatafutia wafasiri wa karatasi zenu.

Nina binti wa miaka tisa, mzima, anayenishinda kwa hesabu. Baada yake nilijifungua mtoto wa kiume. Mimba ilitimia, uchungu haukuzidi saa sita, na mtoto alitoka na kilo tatu na robo. Alilia. Alilia mpaka sista aliyenizalisha akacheka, akasema huyu atakuwa mwadhini. Akanyonya usiku ule, akakojoa kidogo, akalala kifuani kwangu. Kesho yake alasiri nilipomgeuza nimbadilishe nguo niliona midomo yake ina rangi ya mtu aliyekula jambula, yale matunda ya zambarau. Nikaifuta kwa kidole nikidhani ni kitu kimempaka. Haikutoka.

Walimkimbiza, wakamwekea oksijeni. Kile kibano chenye taa nyekundu, cha kupima oksijeni ya damu, walichombana mguuni kilisoma 74 kwa mia, kikapanda 79, kikashuka. Oksijeni ilikuwa inatoka, naisikia inavyopiga mapovu kwenye chupa, na mtoto anavuta pumzi kwa mbavu zote, lakini rangi hairudi. Hilo ndilo lililonichanganya, na naona liliwachanganya na wao: hewa inaingia, faida haionekani. Alikata roho usiku wa pili. Mume wangu ni dereva wa lori, alikuwa Elegu akisubiri kuvuka kwenda Juba. Nilimpigia simu, nikashindwa kusema, sista akaichukua simu akamwambia yeye.

Asubuhi bibi aliyekuja kumwosha aliniuliza swali moja tu: "Alilia?" Kwetu Waislamu kilio cha mtoto ni ushahidi. Aliyelia amezaliwa hai. Anapewa jina, anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa. Nikamwambia alilia, bibi, leba nzima ilimsikia. Akasema basi ni mtu, atazikwa kama mtu.

Siku chache baadaye nilirudi kuchukua karatasi. Kwenye mstari wa sababu ya kifo waliandika kwamba alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Nikamwuliza karani: mtoto aliyekosa hewa anapozaliwa, analia hivyo? Ananyonya? Akaniangalia kwa huruma, sitamsingizia ubaya, akasema, "Mama, watoto wachanga wengi huandikwa hivyo."

Waheshimiwa, hapo ndipo ninapotaka mkae nami kidogo. Uchunguzi wa taifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Uganda, 22 hufa kabla ya kutimiza mwezi. Ule wa 2016 ulikuwa umeonyesha 27. Nawapongeza, na nasema hivyo kwa moyo safi, maana nyuma ya ile tofauti ya watano kuna wakunga ninaowajua kwa sura. Lakini kila mmoja wa wale 22 ana mstari wake kitabuni, na mistari mingi inaangukia maneno matatu: kuzaliwa njiti, kukosa hewa, maambukizi. Ni sababu za kweli, ndizo zinazoua zaidi, hakuna anayebisha. Tabu ni kwamba maneno hayo yamekuwa pia kapu. Asiyejulikana kilichomuua anatupwa kapuni humo. Mimi nikikosa kujua gunia limekwenda kwa nani siandiki jina la mteja yeyote anayenijia kichwani. Naandika alama ya kuuliza, na ile alama inanisumbua mpaka nijue. Kitabu chenu hakina pa kuandika alama ya kuuliza, au kinapo, watu wanaogopa kupatumia.

Miaka miwili baadaye nilibeba mimba tena. Mwezi wa saba nilipiga skani kwenye kliniki ya kulipia. Kijana wa skani alinyamaza akiwa upande mmoja wa tumbo, akarudi, akapima tena, halafu akaandika kwamba figo ya kushoto ya mtoto imejaa maji na mrija wake umetanuka. Nikauliza ni hatari? Akasema mara nyingi huisha zenyewe. Baadaye nimejua alisema kweli: watoto wengi wanaoonekana na maji kidogo kwenye figo tumboni huzaliwa wazima na maji hukauka, wala si vizuri kila mama mwenye skani ya namna hiyo kupoteza usingizi. Lakini kurasa zile za skani nilizikunja nikaziweka kwenye mfuko wa kanga, na siku ya kujifungua hakuna aliyeziomba. Baada ya kuzika wa pili ndipo nilipopekua sanduku nikaikuta skani ya mimba ya yule wa kwanza. Na yeye alikuwa na figo iliyojaa maji. Imeandikwa pale, kwa wino, na mimi mtu wa daftari sikuwa nimeisoma.

Mtoto huyu wa tatu, binti, alizaliwa akilia kama kaka yake. Safari hii nilikuwa naangalia midomo tu. Saa ya ishirini na sita ilianza kubadilika.

Sikungoja. Nililipa mafuta ya ambulensi, tukatoka Busia usiku: Bugiri, Iganga, daraja la Jinja, msitu wa Mabira, mtungi wa oksijeni ukigongana na chuma cha kitanda kila kwenye tuta. Ni kilomita karibu 200. Kampala wakasema huenda ni moyo. Nikapiga simu nyumbani, nikamwagiza kaka yangu auze kiwanja nilichokinunua kwa miaka saba ya mukene, maana watoto wa moyo nimesikia hupelekwa India. Kiwanja kikauzwa kwa bei ya mtu mwenye haraka. Kisha wakampiga picha ya moyo, na moyo ukakutwa umeumbika sawasawa, ila upande wa kulia unasukuma dhidi ya mlango uliofungwa. Presha ndani ya mishipa ya mapafu ilikuwa juu mno. Wakampa sildenafili ya kusaga, dawa ile ile wanaume wanayoinunua dukani kwa kunong'ona. Kumbe kazi yake nyingine ni kulegeza mishipa ya pafu. Kibano kikapanda hadi 85 kwa nusu siku, nikaanza kuwaahidi watu. Siku ya tano akafariki.

Sasa nasimulia jambo ambalo sikulipata mara ya kwanza. Daktari mmoja, kijana, macho mekundu kwa kukesha, alikuja akakaa kwenye benchi pamoja nami. Hakusimama, alikaa. Akasema: "Mama, umepoteza wawili kwa njia moja. Nina wazo la kilichowaua lakini siwezi kukuapia mpaka pafu lisomwe kwa hadubini. Naomba ruhusa. Nikikosea nitakwambia nimekosea."

Mume wangu kwenye simu alikataa. Maiti ya Mwislamu haikatwi ovyo, na mtoto ameteseka vya kutosha. Sikumlaumu, kwani na mimi moyo ulikuwa huko huko. Nikamwuliza imamu. Akataka kujua mambo mawili: kuna haja ya kweli? Na atazikwa lini? Daktari akajibu: haja ni watoto watakaozaliwa na mama huyu na binti yake, na mwili utatoka kabla ya adhuhuri, umeshonwa, hakuna kitakachoonekana. Imamu akasema kwa haja hiyo na kwa sharti hilo, yeye haoni kizuizi. Mume akanyamaza kwa muda mrefu, nikasikia malori yakipita kule aliko, kisha akasema wafanye. Tulimzika Busia usiku ule ule.

Majibu yalichukua wiki saba. Nilirudi Kampala kwa basi, na yule daktari akanipeleka kwa mwenzake anayesoma nyama kwa hadubini. Alinikalisha akaniambia niangalie. Mwanzoni niliona waridi na zambarau tu. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia mukene. Akafurahi, akasema basi utanielewa kuliko wanafunzi wangu.

Pafu la mtoto mzima, alisema, ni vifuko vidogo vya hewa, na kila kifuko kimevikwa wavu wa mishipa myembamba kuliko unywele, inaitwa kapilari. Wavu huo ni kama nyavu za mukene: matundu madogo, nyuzi zimekaribiana, hakuna kinachopita bila kuguswa. Damu inapita pale, inagusa hewa, inachukua oksijeni. Pafu la binti yangu lilikuwa na wavu wa sangara. Nyuzi chache, mbali mbali, tena hazikuegemea ukuta wa kifuko, na ukuta wenyewe ni mnene. Hewa imejaa upande huu, damu iko upande ule, hazikutani. Ndiyo maana oksijeni ilipiga mapovu bure.

Halafu akanisogezea sehemu nyingine. Mishipa inayopeleka damu kwenye vifuko husafiri bega kwa bega na njia ya hewa. Inayorudisha damu moyoni ina barabara yake ya pembeni. Kwenye pafu hili mshipa wa kurudi ulikuwa umelala kando ya mshipa wa kwenda, ndani ya ala moja. Mkazi wa Busia hahitaji kuelezwa mara mbili maana ya magari ya kwenda na ya kurudi kubanana kwenye njia moja. Na kuta za mishipa midogo zilikuwa zimejaa msuli, nene kama za mtu mzima mwenye presha.

Ugonjwa huo una jina refu la kidaktari. Kwa lugha yetu ni kasoro ya kapilari za vifuko vya hewa pamoja na vena za mapafu kukaa mahali pasipo pake. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Visa vilivyoandikwa duniani vinahesabika kwa mamia, si kwa maelfu. Watoto karibu wote huzaliwa wakionekana wazima, hubadilika rangi ndani ya siku mbili, na wengi hawafiki mwezi. Zaidi ya nusu yao wana kasoro nyingine mwilini: utumbo uliojipinda vibaya, moyo, na njia ya mkojo, yaani figo zilizojaa maji, mirija iliyotanuka. Mwaka 2009 watafiti wa chuo cha Baylor, Houston, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba watoto wengi wa namna hii wana hitilafu kwenye jeni moja, yaani agizo moja la urithi mwilini, liitwalo FOXF1, iliyo katika kromosomu ya 16, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni zetu. Jeni hiyo hufanya kazi mimba ingali changa, katika tishu ambazo mishipa ya mapafu, utumbo na viungo vingine hujengeka. Kwa hiyo figo ya kwenye skani na midomo ya jambula havikuwa misiba miwili iliyokutana kwa bahati mbaya. Kilikuwa kitu kimoja, na nusu yake ilikuwa imeshaandikwa kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya mfuko wa kanga.

Nilitoka pale nikakaa chini ya mti nje ya jengo, nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na sikulia kwa huzuni peke yake. Kuna raha ya ajabu katika kuambiwa kitu kwa jina lake. Mama mkwe wangu alikuwa ameshasema, mara nyingi, mbele za watu, kwamba tumbo langu linaua. Jirani alisema ni husuda ya sokoni. Dada yangu mwenyewe alinipeleka kwa mtu wa kunisomea dua, na mimi nilikwenda, mara tatu, na nililipa.

Na kuna jambo nililolificha hadi leo. Daktari aliniambia kwamba vipande vya kromosomu vinavyokatika pale kwenye FOXF1, vingi mno hukatika kwenye ile nakala iliyotoka kwa mama. Nilipolisikia hilo nilihisi mama mkwe ameingia chumbani. Lakini daktari akaendelea: hukatika yai linapoumbwa, kitu ambacho mwanamke hakifanyi kwa mkono wala kwa kinywa wala kwa nia, na mara nyingi hutokea upya kabisa, mara moja tu katika ukoo. Mara chache, labda familia moja kati ya kumi, hurudi. Inaweza kuwa mama anabeba hitilafu katika sehemu tu ya chembe zake. Inaweza pia kuwa aliirithi kwa baba yake, ikakaa kimya ndani yake maisha yote, ikaamka kwa watoto. Kwangu mimi imerudi, kwa hiyo mimi au mume wangu ni mmoja wa hao wachache. Ipi kati ya hizo? Hakuna aliyenipima. Nayaandika haya hadharani kwa sababu nimechoka kuyalinda, na kwa sababu yupo mwanamke mwingine pale Tororo au Arua ambaye amezika wawili na ameshafukuzwa.

Sasa waheshimiwa, ninachotaka.

Sitaki mashine. Najua iko mashine ya kuzungusha damu nje ya mwili ipate hewa huko, iko na gesi ya nitriki oksidi. Zote mbili, kwa ugonjwa huu wenyewe, humchelewesha mtoto tu. Wachache mno, wale ambao pafu lao limeathirika nusu nusu, wamefika kwenye kupandikiziwa mapafu huko ng'ambo. Wizara ikitumia hata shilingi moja ya mtoto njiti kununulia watoto kama wangu mashine hizo, mimi nitakuwa wa kwanza kulalamika. Wodi niliyoikalia ilikuwa na watoto watatu kwenye kitanda kimoja cha joto. Hao kwanza.

Nataka kujua. Mtoto aliyezaliwa ametimia, akalia, akanyonya, kisha akafa bila sababu kuonekana, mzazi wake aulizwe kama nilivyoulizwa mimi mara ya pili: kwa kukaa, kwa lugha yake, na kwa ahadi ya saa ya kurudishiwa mwili. Bila malipo. Wengi watakataa, na wana haki hiyo. Lakini leo hawakatai, kwa kuwa hakuna anayewauliza.

Na si lazima mwili upasuliwe. Jirani zetu wa Kenya, kule Siaya na Kisumu, ambako kutoka sokoni kwangu ni mwendo wa matatu tu, wapo kwenye mpango unaotafuta sababu za vifo vya watoto kwa kuchukua vipande vidogo vya nyama kwa sindano: mapafu, ini, ubongo, damu kidogo. Kidonda ni cha sindano. Kwa familia nyingi za Kiislamu, na kwa Wasamia wengi pia, tofauti ya sindano na kisu ni tofauti ya ndiyo na hapana. Niwe mkweli, yule msomaji wa hadubini aliniambia kwa ugonjwa huu kipande kikubwa ni bora, sindano inaweza kukosa mahali penyewe. Lakini kipande kidogo kinashinda kukosa kabisa.

Mtaniambia usafiri, wataalamu wachache, nchi kubwa. Wataalamu ni wachache, sina jibu la hilo zaidi ya kuwaomba msomeshe wengine. Usafiri sikubali. Mimi naona pikipiki za sampuli zikipita pale kwetu na masanduku yao. Ni nyie mlioujenga mtandao ule, na umefanya makubwa. Matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, yaliyokuwa yamechukuliwa kwa watoto wachanga kupima virusi vya ukimwi, yalipimwa tena selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, mwaka 2014 na 2015: watoto zaidi ya 97,000, kutoka kila wilaya, kwenye maabara kuu Kampala. Ndivyo nchi ilivyojua kwamba asilimia 13.3 ya watoto wanabeba nakala moja ya selimundu na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Hakuna aliyenunua ndege. Ilikuwa karatasi, kalamu na pikipiki. Kipande cha pafu ndani ya chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhi nyama ya mwili, hakiozi, na hakina haraka kuliko damu. Na kila mtoto anayekufa hivyo akaachiwa tone moja la damu kwenye karatasi ile ile, ikawekwa pakavu, jeni zake zitakuwepo miaka mingi, zikisubiri siku mtakapokuwa na uwezo wa kuzisoma.

Kuhusu skani ni jambo dogo na nalisema haraka. Skani ikionyesha figo za mtoto zimejaa maji, iandikwe kwenye kitabu cha kliniki cha mama, ukurasa ule wa kujifungua, si karatasi ya pembeni. Anayemzalisha aione. Mtoto yule abanwe kibano mguuni kabla ya kuruhusiwa nyumbani na tena kesho yake. Wengi watakutwa wazima, na figo zao zitafuatiliwa kama inavyopasa. Hilo peke yake litaokoa figo za watoto ambao mapafu yao hayana neno. Wachache watagundulika mapema kwamba oksijeni haiwasaidii, na mama zao hawatauza viwanja kwenda kutafuta moyo usioumwa. Kiwanja changu kimeshajengwa. Nikipita nageuza uso.

Na majibu yarudi. Hili naliweka kwa uzito kuliko vyote, maana najua vipande vingi huchukuliwa na majibu yakaishia kabatini au kwenye mkutano wa madaktari. Mimi nilirudishiwa kwa sababu ya daktari mmoja mwenye roho. Wakati wa kuniaga alinipa karatasi, ukurasa mmoja, Kiingereza kitupu, na nyuma yake, kwa mkono wake, mistari sita ya Kiswahili kibovu kibovu: "Mapafu ya mtoto hayakuumbwa sawa. Si kosa la mama. Si uchawi. Hakukosa hewa wakati wa kuzaliwa." Mama mkwe wangu alisomewa mistari ile na mjukuu wake, binti yangu wa hesabu. Hakuniomba radhi. Aliichukua karatasi, akaiweka ndani ya msahafu wake, na hajaitoa mpaka leo. Ndiyo nikaelewa kwamba karatasi ya hospitali ina nguvu ambazo mimi sina.

Yule wa kwanza bado ameandikwa kwamba alikosa hewa. Nimeuliza kama mstari ule unaweza kusahihishwa. Nimeambiwa hapana, kwa sababu pafu lake halikusomwa, na ni kweli, halikusomwa. Naomba basi pembeni yake iwekwe alama ya kuuliza. Nitakuja na kalamu yangu.

La mwisho ni la kwangu binafsi, mnisamehe. Nina mimba ya wiki kumi na tisa. Kipande cha pafu la binti yangu kipo Kampala, kimegandishwa ndani ya nta, kina namba, na namba hiyo nimeinakili nyuma ya daftari langu karibu na madeni ya wateja. Daktari anasema ndani ya nta ile jeni bado zinaweza kusomwa, na zikisomwa, mtoto aliye tumboni anaweza kupimwa, na mimi naweza kupimwa, na siku moja binti yangu wa miaka tisa naye. Kinachokosekana ni mtu wa kusema kipelekwe wapi na kwa idhini ya nani. Nimeuliza milango minne.

Skani yangu ni Alhamisi ya wiki ijayo. Safari hii karatasi haitaingia kwenye mfuko wa kanga.

Wenu,
mama wa watatu, mmoja hai,
muuza mukene, soko la Busia